Re: Vijana wanakuja kutazama ndege za rimoti, hawarudi
Salaam mkuu. Umesema vijana wa mtaani wanajaa uwanjani Jumapili, ila wiki inayofuata huwaoni. Angalia kwanza: kuna aliyeshika rimoti? Kusimama juani kumtazama mtu mzima akichezea ndege ya laki kadhaa kunachosha, tuseme ukweli.

Sisi huku mtaa wa Kisasa, Dodoma, tunaanza na ndege ya kurusha kwa mkono, tunaikata kwenye ile foma nyeupe inayokuja na TV mpya. Mtoto anabandika sarafu puani mpaka ndege itulie bila kuinama ikishikiliwa kwa vidole viwili chini ya mabawa, karibu theluthi ya upana wa bawa kutoka ukingo wake wa mbele. Ikielea vizuri, kesho anakuja mwenyewe na mdogo wake. Rimoti baadaye, mbili zilizounganishwa, mkubwa abaki na swichi ya kumpokonya ndege ikianza kupinduka.

Rusheni asubuhi, upepo wa Dodoma mchana wa Agosti hauna huruma na foma. Kibali cha kurusha kiulizieni TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) mapema.