Nyumba moja, mama wawili: maswali yenu kuhusu Joan Crawford

Wiki iliyopita niligusia habari za Joan Crawford, nyota wa sinema wa Marekani aliyefariki Mei 1977, na kitabu ambacho bintiye Christina alikitoa 1978, Mommie Dearest. Meseji zimekuwa nyingi, nachukua nne.

Shikamoo mama. Ni kweli alimpiga mtoto kwa ajili ya hanga ya waya? (Majengo, Moshi)

Marahaba. Ndivyo Christina alivyoandika: mama yake alifungua kabati usiku, akakuta gauni la bei limetundikwa kwenye hanga ya waya, zile ambazo dobi hurudishia nguo, kipigo kikaanza. Ameandika pia kwamba mdogo wake Christopher alikuwa akifungwa mikanda kitandani asiamke usiku. Christopher alisimama na dada yake. Wengi wenu mmeiona hadithi hii kwenye filamu ya 1981, Faye Dunaway akiwa Crawford, na kuna wanaoicheka kwa makelele yake. Mimi siwezi. Mtoto anayeamshwa kwa kipigo hajui kosa lake, anachokumbuka ni mlio wa mlango.

Mbona pacha, wadogo zake Christina, walikanusha? Nani mwongo hapo? (Sakina, Arusha)

Swali hili ndilo lililoninyima usingizi. Watoto wote wanne walikuwa wa kuasiliwa. Christina alizaliwa 1939, pacha Cathy na Cindy 1947. Hesabu miaka hiyo minane. Christina alikua na mwanamke ambaye wenye majumba ya sinema walikuwa wamemtangaza 1938 kuwa sumu ya mauzo, aliyeachana na kampuni ya MGM 1943, akaachana na mume mwingine 1946, mwaka uleule aliopewa Oscar kwa filamu ya Mildred Pierce. Pacha wanapoanza kupata akili, dada yao tayari yuko bweni, na mama ana tuzo kabatini.

Sisi wa mlimani tunalijua hili. Desemba tunapanda wote, tunakaa migombani na kata ya mbege, kifungua mimba anasimulia fimbo na kitinda mimba anasimulia jinsi alivyobebwa mgongoni hadi darasa la kwanza. Wanatazamana kama wageni. Hakuna anayedanganya. Naamini Cathy alipendwa, na naamini Christina aliumizwa. Kinachonikera ni ndugu aliyepona kumwambia aliyeumia, "Mbona mimi hakunifanyia?"

Aliwanyima urithi? (Kaloleni, Arusha)

Ndiyo. Wosia wake wa 1976 uliwapa pacha dola 77,500 kila mmoja. Christina na Christopher hawakuachiwa kitu, "kwa sababu wanazozijua wenyewe vizuri." Walikwenda mahakamani, yakaisha kwa makubaliano. Wapo wanaosema kitabu ni kisasi cha wosia. Mwenye hasira naye anaweza kusema kweli.

Mama yangu alinichapa kwa waya wa pasi. Leo ni mzee wa kanisa, kila mtu anamsifu. Niseme, au ninyamaze? (Soweto, Moshi)

Pole sana, mwanangu. Nakuamini.

Christina alichapisha mama akiwa kaburini. Binti wa Bette Davis, nyota mwingine wa enzi hizo, alichapisha 1985 mama yake akiwa ametoka kuugua saratani na kiharusi. Davis akamjibu kwenye kitabu chake cha 1987, akafariki 1989 hawajapatana. Dunia nzima iliwasikia mabinti hao. Wewe unataka mmoja tu akusikie, kwa hiyo usianze na kikao cha ukoo wala kundi la WhatsApp. Anza na mama mdogo au shangazi aliyeyaona, asikie kwanza. Kisha nenda kwa mama siku ya kawaida, si Krismasi wala msibani. Mkikaa jikoni mnamenya ndizi, taja siku moja tu unayoikumbuka, na waya ule. Akilia, mwache alie. Akikana, usibishane, umeshasema, na unaruhusiwa kuondoka.

Ila kama kuna wajukuu anaoishi nao sasa na umeona alama miguuni mwao, hayo yote yasubiri. Piga 116 leo, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.