Kura ya siri, ila tuone ikihesabiwa

Mhariri, mmeuliza kama kamati za kujitolea vijijini, za maji na za shule, zichaguliwe kwa kura ya siri au watu wajipange nyuma ya wagombea. Kura ya siri! Tulioona mlolongo wa 1988 hapa Kenya, yaani kura ya kupanga foleni nyuma ya mgombea, hatuna haja ya kuelezwa. Kwenye mchujo wa KANU, chama pekee cha siasa wakati huo, aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya foleni aliingia bungeni bila kura ya siri kupigwa, na kwingine mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu. Kufikia 1990 chama chenyewe kiliuacha.

Lakini linaloniuma mimi si la bunge. Mradi wetu wa maji ulipochagua mweka hazina, naibu wa chifu alituambia tujipange chini ya mwembe. Huku mwenye duka, ambaye karibu kila nyumba imo katika daftari lake la mkopo. Huku mama muuza mboga, aliyeshika pesa za chama chetu cha akiba miaka yote bila shilingi kupotea. Jirani yangu ndiye aliyempendekeza huyo mama, kwa sauti, tukapiga makofi. Mistari ilipoanza, mwenye duka hakusema neno, aligeuka tu kutazama nani anakuja. Jirani akabaki katikati, mtoto mgongoni, akifunga leso. Akaifunga, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akaenda nyuma ya mwenye duka. Unga wa jioni angeutoa wapi? Mama wa mboga alimwona, na hadi leo salamu zao ni za shingo upande, ilhali wanachota bomba moja. Hilo ndilo mngetuuliza: baada ya uchaguzi, watu wataishije?

Uchaguzi uliofuata tulipewa karatasi. Zikabebwa ofisini, mlango ukafungwa, katibu akatoka na jina lilelile la mwenye duka. Huenda alishinda kwa haki, maana wapo wanaompenda kweli. Ila hakuna aliyeona karatasi hata moja, na foleni angalau tuliihesabu kwa macho yetu.

Basi kama kura zitahesabiwa ndani, afadhali tujipange juani, pamoja na ubaya wake wote. Zikifunguliwa mbele yetu, moja moja, jina likisomwa kwa sauti, naitaka siri. Asiyejua kusoma asiandikiwe na ndugu wa mgombea. Apewe punje ya hindi ya mgombea mmoja na ya harage ya mwingine, atumbukize mkebeni anayoitaka. Lakini likija suala la kupandisha bei ya mtungi wa maji, tuinue mikono. Anayetaka tulipe zaidi tumjue.