Sauti ya Nai Kwenye Sinthesaiza ya Analogi

SWALI: Assalamu alaykum, Mwalimu. Napiga kinanda katika kikundi cha taarab hapa Unguja, na karibuni nimepata sinthesaiza ya analogi ya mtumba, yaani kinanda kinachounda sauti kwa umeme. Natafuta sauti nyororo inayokaribia nai, ile filimbi ya mwanzi, lakini kila wimbi ninalochagua hutoka kali na kuanza kwa kishindo. Nianzie wapi?
Msomaji, Michenzani

JIBU: Waalaykumu ssalamu, ndugu yangu. Wimbi ni malighafi tu. La meno ya msumeno lina harmoniki zote, yaani sauti za juu zinazoandamana na ile ya msingi. La mraba lina za namba witiri peke yake. La pembetatu nalo ni la witiri, ila hufifia haraka kadiri zinavyopanda. Chagua pembetatu, kisha uhamie kwenye kichujio, kwani huko ndiko sauti inakofinyangwa hasa.

Kichujio cha kawaida huziachia sauti zilizo chini ya mpaka uliouweka na kuzipunguza zilizo juu yake. Katika Minimoog, sinthesaiza iliyoingia sokoni mwaka 1970, upunguzaji huo hufikia desibeli 24 kwa kila oktava, na ndiyo sababu kuusogeza mpaka kidogo tu hubadilisha sauti nzima. Uteremshe mpaka ukali utoweke, halafu uupandishe taratibu. Resonansi, ambayo hukuza sauti zilizo karibu na mpaka, iache chini kabisa: ikizidi, vichujio vingi huanza kupiga mluzi vyenyewe. Ikiwa kuna swichi ya kukifanya kichujio kifuate vibonye, iwashe, la sivyo noti za juu zitafifia.

Kishindo kina chanzo chake. Sauti huongozwa kwa hatua nne: kupanda, kushuka, kudumu na kufifia baada ya kuachia kibonye. Yako bila shaka inapanda papo hapo, kwa hiyo refusha kupanda hadi kiasi cha sehemu ya kumi ya sekunde. Kama kichujio kina hatua zake, zicheleweshe kidogo zaidi, ili noti ianze ikiwa imefumba kisha ifunguke. Binafsi naona marekebisho haya mawili hufaa kuliko kuongeza osileta (kizalisha wimbi) ya pili, jambo ambalo wengi hulikimbilia na kuishia na sauti nzito isiyofanana na nai hata kidogo.

Mtikisiko wa noti, kupanda na kushuka mara tano hivi kwa sekunde, unatosha, nao uwe hafifu. Mwisho, changanya mvumo mdogo sana wa kelele nyeupe, yaani ule mshindo wa “shhh”, kwa sababu katika nai pumzi ya mpigaji nayo husikika.