Jibu: Mbao za mwembe zapasuka ncha na kupinda

Salama ndugu yangu. Yaani mwembe umeanguka, ukaupasua mbao za inchi mbili, ukaziegemeza ukutani juani hapo Malindi na sasa ncha zapasuka na zingine zapinda. Kwanza zitoe juani leo leo. Ncha hukauka haraka kuliko katikati ndo maana zinapasuka, zipake rangi ya mafuta yoyote ilobaki nyumbani. Ufa ulioingia haurudi, utakata tu.

Halafu zilaze bandani upepo upite, juu ya mawe yalolingana, na kati ya mbao na mbao weka vijiti vikavu vya unene mmoja, kama sentimita 2 hivi, kila futi moja na nusu, na vijiti vikae mstari mmoja toka chini hadi juu, hapa ndo watu huharibu maana kijiti kikihama ubao unapinda palepale. Juu tia mawe mazito. Turubai usizungushie kabisa, mwembe hauchelewi kushika ukungu. Ukiona unga laini unamwagika ni bungua hao, wadudu watoboao mbao, paka dawa mapema.

Muda wa kukauka? Watu huhesabu mwaka kwa kila inchi, kwa hiyo usidanganywe na msimu mmoja wa kaskazi. Mimi naamini mizani: pima kipande kilekile kila baada ya wiki kadhaa, uzito ukiacha kushuka basi zimekauka. Na kama meza utakayotengeneza kwa mbao hizi itaenda Nairobi, kumbuka kule hewa kavu, mbao itanywea tena, iachie nafasi kwenye maungio.

Zilokatwa na kiini cha gogo katikati zitapasuka tu, tengenezea vigoda.