Kwa wapya kitaluni: mgomba wa waridi hautaki haraka

Kila msimu ni yale yale. Mbegu za Musa velutina, yaani huo mgomba wa waridi, zinasiwa vizuri, trei zinaandikwa tarehe, halafu wiki ya sita haijaisha mmoja wenu keshazimwaga kwenye lundo la mboji akisema mbegu mbovu. Mbegu zilikuwa nzima. Basi soma haya kabla hujagusa trei nyingine.

1. Ujue unachokipanda. Asili yake ni Assam na pande za mashariki ya Himalaya. Kimo chake ni mita moja na nusu hadi mbili, mkungu husimama wima badala ya kuning'inia, na ndizi zake ni fupi, za waridi, zenye manyoya laini. Zikiiva hujimenya zenyewe. Nyama yake ni tamu lakini kidogo, imejaa mbegu ngumu za kuvunja jino, na mteja aelezwe hayo kabla hajalipa.

2. Mbegu. Hapa ndipo mnapoharibu, na inauma kuona kwa sababu mbegu bora hupotea bila kosa.

Tuanze na msasa. Shika mbegu moja uiangalie kwa karibu: upande mmoja kuna kijishimo chenye kizibo, na kiinitete, yaani mmea mchanga uliomo ndani ya mbegu, kimekaa nyuma yake tu. Anayesugua mbegu pande zote akidhani analainisha ganda huishia kukikwangua kiinitete. Mimi nasema acheni msasa kabisa. Osha nyama yote hadi mbegu isiteleze mkononi, kwa maana mabaki yake huleta ukungu. Kisha loweka saa 24 hadi 48 kwenye maji ya uvuguvugu, ukibadilisha maji mara mbili kwa siku.

Kosa kubwa zaidi ni joto lisilobadilika. Mnawasha sahani ya joto nyuzi 30, mnaiacha usiku na mchana, mnaona mmeitunza mbegu. Migomba mwitu huota palipo wazi msituni, mti mkubwa ulipoanguka, ambapo jua huchoma udongo mchana na usiku udongo hupoa. Joto likikaa palepale, mbegu nyingi hubaki zimelala hata kama unyevu upo. Weka nyuzi 30 hadi 35 mchana, na usiku uziache zishuke hadi karibu 20. Saa ya kuzima na kuwasha umeme, saa 12 kwa 12, inatosha kabisa.

Halafu maji. Changanya mchanga mkavu wa chembe kubwa na nyuzi za nazi nusu kwa nusu, fukia mbegu sentimita moja, funika trei kwa nailoni. Udongo uwe na unyevu tu. Ukiuminya ukachuruzika maji, mbegu zitaoza kabla ya kuota.

Baada ya hapo, ngoja. Mche wa kwanza unaweza kutokeza wiki ya tatu, wa mwisho mwezi wa sita, tena katika trei ileile. Ukiinama utaona kizibo kimesukumwa pembeni na ncha nyeupe inachungulia. Mche huo utoe kwa kijiko ukiwa na majani mawili au matatu, bila kuvuruga wenzake. Trei isitupwe kabla ya miezi sita, na mwenye kutaka kuitupa aje aniulize kwanza.

3. Kiriba cha kwanza kiwe cha sentimita 12, si ndoo. Mche mdogo kwenye udongo mwingi uliolowa huoza mizizi.

4. Shambani weka mita moja na nusu kati ya mashina, mboji nyingi shimoni, na mbolea yenye potasiamu wakati wa kukua. Upepo ukiwa mkali majani huchanika. Mmea haufi, ila uzuri wake unaisha.

5. Machipukizi. Chukua lenye majani membamba, lililofika magotini na lenye mizizi yake. Lile fupi la majani mapana halina tunguu (shina nene la chini ya udongo) la kutosha, na wengi wenu hulipenda kwa sababu linapendeza macho. Kata kwa sepetu kali, punguza majani nusu, panda joto linapoanza kupanda. Shina lililozaa halizai tena, kwa hiyo likate baada ya mkungu kuiva na uache mashina matatu au manne kwenye kichaka.

6. Penye baridi ya kugandisha, majani hufa lakini tunguu huchipua tena likifunikwa matandazo ya sentimita 20. Linaloliua zaidi ni udongo uliotuama maji wakati wa baridi.

7. Ndani ya nyumba kagua utitiri chini ya majani kila wiki. Hewa kavu ndiyo inayowaleta.

8. Kata mikungu kabla ndizi hazijafunguka kama kuna msitu karibu. Ndege na wanyama hubeba mbegu, na Costa Rica mmea huu umeshaingia porini. Mikungu ya mbegu iacheni kwenye mimea michache tu, na kila mmoja uvalishwe mfuko wa wavu.