Zabibu ile ile, mvinyo mbili tofauti

Umeuliza kwa nini Syrah ya Ufaransa na Shiraz ya Australia zimekupa ladha mbili tofauti, ilhali uliambiwa ni zabibu moja. Ni moja kweli, jina tu limebadilika. Kinachozitofautisha zaidi ni hali ya hewa. Kaskazini mwa bonde la Rhône, Ufaransa, kuna ubaridi kiasi, zabibu huiva polepole, mvinyo ukabaki na uchachu na ile harufu ya pilipili manga. Harufu hiyo haitokani na mawazo ya wauzaji: ni rotundoni, kemikali iliyomo ndani ya pilipili manga yenyewe. Barossa, Australia, kuna joto, sukari hupanda na kileo nacho kikapanda, ndiyo maana ukahisi tunda zito kama jamu.

Zionje tena, ila safari hii glasi mbili kwa wakati mmoja. Hapo ndipo raha ilipo! Mimina kidogo, zungusha, nusa kwanza, kisha uache mvinyo ukae mdomoni. Mate yakikujaa, huo ni uchachu. Fizi zikikauka kana kwamba umekunywa chai iliyokolea mno, hizo ni tanini, kemikali zitokazo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Na kama chumba kina joto, weka chupa kwenye friji dakika 20 hivi. Mvinyo mwekundu ukiwa wa moto hutoa harufu ya kileo tu.

Ukishamaliza hizo, jaribu zabibu nyingine, Malbec: ya Cahors, Ufaransa, na ya Mendoza, Argentina, ambako mashamba mengi yako karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari.