Kubadili CUPS bila kuharibu Debian yako

Kaka, umesema seva ya kuchapishia ya steshenari yako pale Nyegezi inatumia Debian, na unataka kubadili mstari mmoja tu kwenye kodi (code) ya CUPS, programu inayosimamia uchapishaji. Tafadhali usiende kwenye `make install`, yaani kuweka programu moja kwa moja bila kifurushi. Ukipita huko, dpkg, programu inayosimamia vifurushi vya Debian, haitajua mafaili hayo ni ya nani, na kuyaondoa baadaye ni kazi ngumu.

Washa deb-src (inayoruhusu kupakua kodi ya programu) kwenye vyanzo vya apt, fanya `sudo apt update`, kisha:

`sudo apt install devscripts`
`sudo apt build-dep cups`
`apt source cups`

Hiyo build-dep, inayoleta vyote vinavyohitajika kujenga CUPS, ndiyo inayokula bando. Itakuonyesha ukubwa wa kupakua kabla hujakubali, kwa hiyo soma kwanza.

Ingia kwenye folda iliyofunguka, badili mstari wako, halafu `dch --local mwanza`, inayoongeza alama yako kwenye namba ya toleo, na uandike ulichobadili. Hatua hii wengi wanairuka, na mimi naona ndiyo muhimu kuliko zote: kwa namba, toleo lako litakuwa juu ya lile la sasa, lakini chini ya sasisho lijalo la usalama. Sasisho likija litafuta badiliko lako, nawe utajenga upya. Usizuie masasisho ya CUPS kwa `apt-mark hold`; mashine inayopokea kazi za wanafunzi wa chuo kikuu cha SAUT kutwa nzima inahitaji viraka vya usalama.

Jenga kwa `dpkg-buildpackage -us -uc -b`. CUPS hutoa deb (mafaili ya vifurushi) nyingi, hivyo weka kwa `sudo debi --upgrade`: itagusa zile tu ambazo tayari unazo.

Mstari wenyewe ni upi? Uweke hapa tuutazame.